Kaseti ya Pili Imemchezesha Mama Yangu

Mwl. Stanslaus Lyamba,
Magamba, Wilaya ya Mpanda.
16 Juni 1997

Ndugu Sixte,
Kiongozi wa Bendi ya Nyuki Weusi,
Mpanda Mjini.

YAH: KUONDOLEWA SOKONI KWA KASETI YENU YA PILI, "BUGALUU"

Ndugu Kiongozi,

Natumaini vyombo vyenu ni vizima na wapigaji wake pia. Hapa Magamba tu wazima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si adui wa bendi yenu. Najua hamna shirika wala mfadhili, na kwamba mlirekodi wenyewe ndani ya ghala la mahindi, maana upande wa pili jogoo anasikika. Kaseti yenu ya kwanza niliinunua siku ilipotoka. Kinanda kilikimbia, gitaa likakifukuza, na hakuna aliyejua vinaelekea wapi. Ulikuwa muziki wa kisasa na wenye heshima: hakuna mtu nyumbani kwangu aliyewahi kuucheza. Hii ya pili mmerudi kwenye twisti na chacha za ujana wa wazee wetu, saksafoni inatembea taratibu, waitikiaji wanasema "uuu". Madhara yake ni haya:

1. Ngedere. Kaseti ya kwanza niliipiga shambani, ngedere wakahama mpaka ng'ambo ya mto. Mwishoni mwa mwezi wa nne nikaweka hii mpya nikitegemea matokeo yaleyale. Walirudi wote. Walikaa kwenye mpaka wa shamba na watoto wao, wakasikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, ndipo wakala mahindi.

2. Mama. Mama yangu mzazi, Bi. Christina, ana miaka sitini na tatu, na ni mjane tangu mwaka themanini na sita. Nilirudisha redio nyumbani ikiwa bado inaimba. Ulipofika wimbo wa pili, mama aliweka ungo chini, akafunga kanga vizuri, akacheza chacha uani peke yake, hatua kwa hatua, bila kukosea. Nimeishi naye miaka thelathini na minane bila kujua kwamba ana mabega. Tangu siku hiyo betri zangu zinaanikwa juani kila asubuhi kama dagaa, na taarifa ya habari sijaisikia tena.

4. Mzee Telesfori. (Naona nimeruka namba tatu. Wakati naandika hapa, redio inalia dirishani. Hili nalo lihesabiwe kuwa la tatu.) Mzee huyu ni fundi baiskeli, jirani yetu, mwenye goti bovu na fimbo. Alipita njiani, akasimama, akamtazama mama, akasema, "Mama Stanslaus, mguu huo unaanza kushoto." Mama akamjibu bila kusimama, "Kwetu Tabora, mwaka sitini na nne, ulianza kulia." Mzee akaingia uani kumwonyesha. Ubishi huo umechukua wiki saba. Kila jioni anakuja kuthibitisha hoja yake, na fimbo anaiacha mlangoni. Mara mbili amekwenda kwake bila kuikumbuka.

5. Posa. Jumapili ya juzi mzee alikuja na ndugu zake wawili, wamevaa makoti. Walisema kwa kuwa suala la mguu halijapata ufumbuzi, wameona ni vema wahusika wakaishi nyumba moja na kulimaliza polepole. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo posa ya mama yangu niliipokea mimi. Nilimuuliza mama faraghani kama amelifikiri jambo hili. Aliniambia, "Mwanangu, miaka kumi na moja nimelifikiri. Sasa nataka kucheza." Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini jibu hilo sikuwa na namna ya kulisahihisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye banda la mbuzi kwa muda.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, (a) kaseti zote za "Bugaluu" zirudishwe ghalani; (b) kaseti ya tatu iwe ngumu kama ya kwanza, ikiwezekana zaidi; (c) bendi itoe tamko la maandishi kuhusu mguu unaoanza, ili uchumba ukose sababu. Mkikaa kimya nitafika kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, na akikaa kimya naye, nitawaita sungusungu.

Wasalimie wapiga magitaa, mpiga saksafoni, waitikiaji wote na yule jogoo. Mke wangu Goreth anawasalimu. Mama anawasalimu zaidi ya ninavyopenda.

Wenu katika masikitiko,
Mwl. S. Lyamba

N.B. Harusi ni Jumamosi, tarehe 12 Julai, baada ya misa ya asubuhi. Mama hataki bendi nyingine, nami nimekwisha kuomba lori la kuwachukua. Ameniomba nimshike mkono mpaka mbele ya padri, nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Ule wimbo wa pili tafadhali mpige mara mbili. Mara ya kwanza wacheze maharusi. Mara ya pili mpige polepole kidogo, nicheze na mama yangu, maana bado najifunza.