Kidole cha Mjane Mbele ya Halmashauri

"Dada Aganetha, hivi kidole kimoja kinaweza kumpeleka mtu motoni?" jirani yangu Justina aliniuliza, akitema maganda ya alizeti.

Nilimwambia asubiri. Halmashauri ya Vishikio vya Trekta inalishughulikia.

Maana tangazo lilikwisha kusomwa baada ya ibada, koloni zima, yaani kijiji chetu cha waumini hapa Belize, likisikia: mkono wa kuinulia mizigo mbele ya trekta utaongozwa kwa kishikio cha chuma na waya wake, basi. Kijiti cha umeme, kinachosukumwa kwa kidole, ni starehe, na starehe huzaa kiburi. Betri ya kuwashia injini haikuguswa. Imefichwa chini ya kiti, kwa hiyo ni nyenyekevu.

Trekta langu lina magurudumu ya chuma, kama kanuni yetu inavyotaka. Ila marehemu mume wangu alilinunua likiwa na kijiti. Bega langu halivuti kitu tangu ng'ombe aliponibana ukutani. Bila kijiti nisingeweza kulisha mifugo, na shamba lingekwenda kwa shemeji yangu, Isbrand Reimer. Ndiye Mwenyekiti wa Halmashauri. Jambo hilo, nina hakika, halikugusa hekima yake.

Siku ya ukaguzi alikuja na trekta lake, akaingia ndani ya ndoo ya chuma iliyo kwenye ule mkono wa mbele, kofia kichwani.

"Gerhard, nyanyua," alimwambia katibu. "Mjane aone chuma."

Ndoo ikapanda hadi usawa wa paa la ghala. Waya ukakatika.

"Haya, shusha."

"Kishikio kinacheza tu, Mzee. Kama jino bovu."

"Sasa?"

"Lipo trekta la Mama Aganetha."

Justina akatema ganda.

"Shemeji," nikasema, "kidole kipo. Lakini naogopa kuasi. Halmashauri ikae kwanza."

Jua lilikuwa la utosi. Halmashauri ikakaa, Gerhard chini, Mwenyekiti juu.

"Wanaokubali kijiti?" katibu akauliza.

Mkono wa Mwenyekiti ulitangulia.

"Kwa leo tu," akaongeza.

"Kwa ruhusa ya leo tu, shemeji, nitakufikisha nusu ya njia."

Akalitazama jua. "Basi. Siku zote."

"Umesikia, Gerhard?"

"Nimesikia, Mama."

Nikasukuma kijiti. Ndoo yangu ikapanda, ikatulia kando ya yake. Akavuka kwa magoti. Nikamshusha taratibu, kama trei ya mayai.

Akapangusa kofia, akalipita trekta lake, akatoka langoni kwa miguu.