Uzinduzi wa Ubao wa Uwazi, Kot Beri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Maulvi sahib, uliyetuazima kipaza sauti cha msikiti. Karani wetu wa ardhi, Ghafoor, mwenye peni nne mfukoni. Waheshimiwa mliokaa, waheshimiwa mliokosa viti, na nyinyi mliopanda juu ya trekta la watu, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Trekta linapiga honi.)

Mimi, Rana Ishtiaq, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Misaada ya Dharura ya Mashamba, nasema kwa unyenyekevu ambao wote mnaujua kwamba tangu mto Chenab uingie mashambani mwenu bila kibali cha ofisi yangu sijapata usingizi, isipokuwa mchana, kwa kuwa nilikuwa nikiongoza mchakato wa kimkakati, shirikishi na wa kidijitali, ambao kwa mujibu wa data zetu umewafikia asilimia mia moja na nne ya wakulima, yaani hata ambao hawajazaliwa tumeshawafikia. (Sauti: "Na sisi tuliozaliwa je?" Kicheko.)

Namwona pale mbele Bibi Sardaran, mjane aliyekuja ofisini kwangu mara kumi na moja kudai fedha za mbegu kabla msimu wa kupanda ngano haujapita. Maa ji, mama yangu, subira! Si bado una siku sita? (Bibi Sardaran: "Nne, Rana sahib! Zikipita, mwaka mzima wajukuu zangu watakula hotuba zako?")

Swali zuri sana, nitalijibu kwa maandishi. Ila tathmini yako, Maa ji, ilifanywa kitaalamu: Ghafoor alikwenda kupima shamba lako wakati maji yangali ndani, akaandika alichokiona, bwawa la samaki. Mwenye bwawa hapewi mbegu za ngano, hupelekewa barua ya kodi ya samaki, na kwa kuwa barua hiyo umeipata, huwezi kusema serikali haijakufikia. (Bibi Sardaran: "Ghafoor! Njoo uvue hao samaki, mlaanifu we!" Ghafoor anajificha nyuma ya spika.)

Sasa, mmekuwa mkilalamika huko kwenye vibanda vya chai eti majina ya waliolipwa yanafichwa. Yanafichwa na nani? Mimi? Niliapa kwamba majina yote, ya wakubwa na wadogo, yatawekwa kwenye ubao mkubwa, hadharani, na ubao huo, ndugu wananchi, uko nyuma ya pazia hili jekundu, ambalo sasa nalivuta kwa mkono wangu mwenyewe! (Pazia linaanguka. Nyuma yake kuna matope na mbuzi mmoja.)

Mbona mnashangaa? Huo ndio uwazi wenyewe! Ubao ungewazuia kuona. Yupo asiyeona mpaka ng'ambo ya mto? Kuna jina lolote lililofichwa hapo? (Sauti: "Wazi kweli, kama debe langu la unga!") Ahsante, huyo ameelewa. Nikisema "Uwazi", semeni "Hoyee"! Uwazi! (Umati: "Mtupu!") Uwaziii! (Umati: "Mtupuuu!") Sauti zenu zinanipa moyo.

Maa ji, unakunja nini hapo? Maa ji! Unakwenda wapi na pazia? (Bibi Sardaran, pazia kichwani: "Sokoni, mwanangu. Kitambaa kizuri hiki, hakikosi gunia la mbegu." Makofi marefu kuliko yote ya leo.)

Ghafoor, toka huko uandike haraka: mnufaika wa kwanza amepokea msaada wake hadharani, mbele ya mashahidi. Nani mwingine kwenye idara hii amewahi kufanya hivyo?

Kwa hayo machache nawashukuru sana, na nawaomba kitu kimoja tu: mkikutana na Yaqub wa mahema, msimwambie pazia lake limekwenda wapi, maana ni la kukodi, na fungu la kumlipa, kama la kuwalipa nyinyi, halikuwahi kuwepo.