Orodha Yangu ya Wasomaji Imegeuka Foleni ya Chanjo

Nimejiaibisha leo, jamani. Asubuhi asubuhi, mbele ya watoto wachanga. Na hasira bado ninayo, kwa hiyo msinijibu haraka.

Mnaijua ile barua yangu ya kila Ijumaa, ninayowatumia akina mama kwa email? Inaitwa "Usingizi Uko Wapi". (Hamuijui? Ndiyo shida yenyewe.) Ina miezi miwili. Ina wasomaji kumi na mmoja, na wanne kati yao ni ndugu zangu wa damu.

Sasa Jumapili wifi yangu Zaina, anayesimamia duka la vyuma la baba mkwe, akanitolea uvivu mbele ya mume wangu: "We Rehema, utaandikia upepo mpaka lini? Rudi dukani upime misumari." Mdomo wangu huu ukaapa: Ijumaa ikinikuta sina wasomaji hamsini, naifunga barua, narudi kwenye misumari.

Ijumaa ni kesho.

Matangazo ya kulipia sina uwezo nayo. Lakini nilisoma mahali kwamba ukitaka wasomaji wa bure, wafuate walipo. Akina mama wenye watoto wadogo wako wapi? Kwenye chanjo! Na Nuru wangu leo alikuwa na sindano yake ya miezi tisa. (Nilijiona mjanja, acheni tu.)

Nikafika kituo cha afya mapema, mtu wa tatu. Nikasubiri mabenchi yajae. Yalipojaa nikatoa daftari, nikachora safu mbili: JINA na ADRESI. Adresi ya email, si mnaelewa? Niliandika "adresi" tu, kufupisha. Nuru alikuwa ananivuta hijabu, basi nikampa mama wa benchi la mbele nikasema haraka: "Muandike hapa, mupitishe."

Walivyoandika! Walinyang'anyana kalamu! Bibi mmoja aliyeleta mjukuu aliomba aandikiwe. Mama mwingine alitoka uani mbio, mtoto ananing'inia kwenye ziwa. Daftari liliporudi nikahesabu majina. Hamsini na moja! Machozi yakanilenga. Nikasema kimoyomoyo, Zaina, misumari yako pima mwenyewe.

Hapo mlango ukafunguka. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, akauliza: "Wa kwanza nani?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa Bujumbura analijua: karatasi ikipitishwa mahali watu wanangoja, hiyo ndiyo foleni.

Mama mmoja wa kitenge cha kijani akasimama. "Madamu, lisiti ya majina iko pale. Mi ni wa saba."

"Lisiti gani?"

"Ya ule mama wa hijabu ya bluu."

Macho yote kwangu. Muuguzi akaniangalia kuanzia kandambili kwenda juu. "We ni wa serivisi gani?"

"Wa... wa barua."

"Barua gani?"

"Ya email. Ya Ijumaa."

Hata watoto waliokuwa wanalia walinyamaza. (Wasaliti.)

"Apana!" akapiga kelele mama wa kitenge. "Mi nimemutoa mutoto kwenye titi juu ya hiyo namba saba!"

Muuguzi akalichukua daftari, akashusha miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anasoma matokeo ya mtihani: "Esperansi, Kamenge, nyuma ya msikiti, geti ya bati. Mwajuma, Buyenzi, avenyu ya kumi na tatu, uliza kwa fundi Hamisi." Akafunua ukurasa. "Email iko wapi hapa, mama?"

Hakuna. Hata moja! Wameandika adresi wanapokaa! Nimekusanya wasomaji hamsini na mmoja ambao barua yangu lazima niwapelekee kwa miguu, nikimuuliza fundi Hamisi njia.

Wakacheka. Bibi yule alicheka mpaka mjukuu akaamka. Mimi nilitamani kuingia kwenye sanduku la barafu la dawa, nifunikwe.

"Lisiti yenyewe nzuri," akasema muuguzi. "Tunaifuata."

Akaita Esperansi. Akaita wa pili. Alipofika wa tano nikajikaza: "Madamu, na Nuru wangu?"

Akashusha kidole mpaka chini kabisa. "Jina yako siioni."

Bila shaka! Nani anajiandikisha kwenye barua yake mwenyewe? Niliyefika wa tatu nikawa wa hamsini na mbili.

Nikakaa. Mama wa kitenge alipotoka na mtoto wake analia, nilidhani anakuja kunitukana. Akakaa pembeni yangu. "Hiyo barua inasema nini?"

"Juu ya kukosa usingizi."

"Ah! Lete kalamu." Akaandika email ya mume wake. "Mi sina, lakini ye anashinda na simu. Atanisomea, na ye asikie."

Basi wengi waliotoka na watoto wao wakapita kwangu, wanacheka, wanaandika. Ya mume, ya dada, ya kazini. Wa mwisho ni muuguzi mwenyewe, baada ya kumchoma Nuru: "Niandike na mi. Lakini iwe fupi."

Nimefika nyumbani, nimehesabu mara tatu. Pamoja na wale kumi na mmoja wa zamani: arobaini na tisa.

Zaina, wifi yangu, najua unanisoma hapa kimyakimya na unacheka. Amebaki mmoja tu. Niandikie email yako, tafadhali. Unapokaa napajua.