Waraka wa Kasi ya Kuzeeka

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Kuthibitisha Mababu ya Ballinaclare ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, marehemu wote wa Ireland watatakiwa kufuata kanuni. Mkurugenzi Fintan Geraghty, mtu wa miaka arobaini na minane na kalamu tatu mfukoni, aliuandika waraka kwa mkono wake: kati ya sensa ya 1901 na ya 1911, babu au bibi halali anaruhusiwa kuzeeka miaka kumi tu. Akizidisha, afutwe.

Wa kwanza dirishani alikuwa Attracta Mulvihill, bibi wa miaka sabini na mmoja. Bila hati ya ukoo asingeruhusiwa kuzikwa kaburi la familia, ubavuni mwa mama yake, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha.

“Honor Mulvihill, mama wa babu yako,” alisoma Fintan kwa huzuni ya kikazi. “1901, miaka hamsini. 1911, sabini na miwili. Huyu hayupo, mama.”

“Hayupo? Mimi nimeota kama uyoga?”

“Swali hilo halimo kwenye fomu.”

“Mwanangu, pensheni ya wazee ilianza 1909. Ukifika sabini, unalipwa. Na cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho nani? Kijiji kizima kilizeeka kwa wiki moja!” Akachomoa nakala ya sensa mkobani. “Tazama nyumba ya jirani. Malachy Geraghty: arobaini na miwili, kisha sabini na mitatu. Si babu wa baba yako huyu, au namsingizia?”

Fintan alihesabu kwa vidole, vikamwishia. Karani wake Dympna, aliyefanya kazi hapo miaka ishirini bila kuambiwa ahsante, aliinua muhuri.

“Nimfute na huyu, bosi? Waraka ni waraka.”

Kiongozi shupavu hasiti. Baada ya dakika tano ulitoka waraka wa pili: kila babu ana haki ya kuzeeka kwa kasi aionayo inafaa, na kasi hiyo ni sifa ya ukoo, inarithiwa na kizazi chote. Attracta akapewa hati yake. Aliketi, akaisoma mara mbili, akalia kwa furaha.

Dympna alikuwa bado anapiga hesabu.

“Miaka thelathini na mmoja ndani ya kumi. Kwa kasi ya ukoo wenu, bosi, una miaka mia moja arobaini na minane.”

“Kwa hiyo?”

“Kustaafu ni sitini na sita.” Akamsogezea fomu. “Weka sahihi hapa, mzee wangu, taratibu tu.”

Attracta, aliyelelewa akaleleka, akainuka akampisha kiti.