Diski ya Tatu Haikuomba Kupimwa

Studio ya Picha Werema,
Turwa, Tarime.

Kwa Fundi Abdillah Saadi,
Duka la Kompyuta,
Mugumu, Serengeti.

YAH: OMBI LA KUIONDOLEA MASHINE YANGU TABIA YA UMBEA

Ndugu Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, mama watoto na biashara. Sikuulizi afya yako kwa undani, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwamba hiyo ni heshima. Sisi huku tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana kwenye simu siku hizi unapandisha sauti na mimi ni mtu mzima.

Utakumbuka ulikuja mwenyewe kunifungia lile sanduku jeusi lenye diski nne tumboni. Ulisema kazi zimekuwa nyingi, na kweli zilikuwa nyingi. Tangu rashi ya dhahabu ilipolipuka huku kwetu, watu wakamiminika kuchimba, kila aliyeokota chochote anataka picha: ameshika jiwe, amekalia pikipiki mpya, harusi yake kuanzia kinyozi hadi keki, tohara ya mwanawe na ngoma zake zote. Kompyuta zote za studio zikawa zinachota kazi kwenye sanduku hilo moja kupitia waya, na binti yangu Huruma, anayehariri video, akapumua. Mimi nami nikaweka humo kitu changu kimoja. Ni kipande kifupi cha marehemu mke wangu Christina, amekaa mlangoni anachagua mchele na kunisema. Ndicho pekee kilichobaki chenye sauti yake. Jumapili nikitoka kanisani huwa nakifungua. Nakitaja tu ili ujue sanduku nalithamini. Hakihusiani na malalamiko.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Adabu. Sanduku lako halijui salamu. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, linatuma ujumbe kwenye simu yangu na Huruma ananitafsiria: diski ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu afya yake inazorota, ya nne nzima. Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Mtoto wa mtu akinijia mlangoni alfajiri na kuanza kunitajia nani yu mahututi, ningemrudisha kwao akafundishwe upya. Wewe umelelewa vizuri, mzee Saadi namfahamu. Sasa hili umelileaje?

2. Mila. Mimi nimezaliwa Gorong'a, boma la ng'ombe, na kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Anayenyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, anaita mkosi. Baba yangu alifuga maisha yake yote bila kuhesabu. Asubuhi alisimama tu mlangoni mwa boma, akaegemea fimbo, akawatazama wakitoka mmoja mmoja: nani anachechemea, nani manyoya yamemsimama, nani hacheui. Akimaliza, anaenda zake kunywa uji. Wengine hata hakuwalaza nyumbani. Walilala kwa rafiki yake kule Machochwe, ili wezi wakija au ugonjwa ukiingia wasizolewe wote. Huyo ndiye mfugaji, mura, kijana wangu! Sanduku lako linahesabu saa ambazo diski imefanya kazi, mara ilizoamshwa, vipande vyake vilivyooza, hata joto la mwili. Diski ya tatu haikuomba kupimwa. Ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya kama mke wa mtu mwenye bahati. Ilipoanza kuhesabiwa, ndipo ikaumwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

3. Nidhamu kazini. Mpiga picha wangu, Batholomeo, alitoka Kigoma kufuata dhahabu, duara, yaani shimo la kuchimbia, likamshinda, nikampa kamera. Alikuwa kijana mchapakazi. Tangu asikie kwamba sanduku likipata joto linapunguza mwendo na kuwashiwa feni, naye amepata madai. Kwenye harusi ya juzi aliweka kamera chini wakati keki inakatwa, akasema joto lake limepita kiwango. Anataka pia nimhesabie saa alizotumika tangu nilipomtoa kwenye boksi. Nilimkuta kwenye shimo la dhahabu, Ndugu Fundi, hakuwa kwenye boksi lolote.

4. Aibu. Habari zimetoka nje, na Turwa ukisema neno kwa muuza nyanya, kesho linakurudia limenenepa. Sasa inajulikana kwamba studio yangu ina mgonjwa. Jirani mmoja alikuja na uji wa ulezi kumjulia hali. Alipooneshwa sanduku alikaa kidogo, akasema pole, akanywa uji mwenyewe. Ukoo wa bwana harusi kutoka upande wa Sirari wametuma neno kwamba harusi yao isiwekwe pamoja na hizo zinazoumwa. Na mchimbaji mmoja alikuja kuichukua picha yake aliyopigwa akiwa ameshika jiwe, akaondoka nayo haraka bila kugeuka, kama mtu anayetoa ng'ombe wake kwenye boma lililoingiwa na ndigana. Jiwe lenyewe halikuwa na kitu, lakini picha ilikuwa nzuri.

5. Dawa. Hili ndilo kubwa. Ulisema diski ya tatu nisiiguse mpaka uje na nyingine. Mimi nikafanya anavyofanya kila aliyekulia bomani: mgonjwa hulazwa peke yake. Nikaivuta taratibu, nikailaza kwenye kibanda cha nje juu ya gunia safi, upepo usielekee kwa wenzake. Sanduku, badala ya kushukuru, likaanza kulia pii, pii, pii, halinyamazi mpaka sasa ninapoandika. Nikakupigia, ndipo ulipopandisha sauti.

Ulichosema nilikisikia, usidhani sikukisikia. Ulisema diski zile hubebana. Kila moja imebeba sehemu ya mzigo wa wenzake, kwa hiyo moja ikianguka, tatu zilizobaki zinaweza kukumbuka kwa niaba yake. Ila ikianguka na ya pili, hakuna tena wa kumkumbukia mwenzake, na vyote vimekwenda: harusi, tohara, na Christina. Ulimtaja kwa jina, kwenye simu, huku unafoka. Sikupenda.

Basi hapa naomba tutumie akili. Ugonjwa huanzia kwa jirani. Diski ya pili imelala ubavuni mwa ya tatu tangu siku ulipozifunga. Kwetu, akiugua mmoja, aliyelala karibu naye hutengwa pia, hata kama anakula vizuri. Sanduku linasema ya pili ni nzima, lakini hata ya tatu lilisema ni nzima mpaka siku liliposema si nzima. Kwa hiyo nimeamua. Nikiifunga barua hii, naitoa na ya pili nikailaze kibandani. Mbili zenye uzima ni bora kuliko nne zenye mashaka, na Christina atakuwa salama na hizo mbili.

6. Upimaji umezidi duniani. Batholomeo ananieleza kwamba kule duarani alikokuwa kuna mzee ambaye kila asubuhi hutangulia kushuka akigonga matimba, yale magogo yanayozuia ukuta usiwaporomokee watu, anasikiliza mlio. Hakuna anayeshuka kabla yake. Nikamuuliza, duara hilo limewahi kuporomoka? Akasema halijawahi. Sasa huyo mzee anagonga nini? Huruma naye ananivuta niende zahanati nikapimwe presha. Nikamuuliza, umewahi kumwona aliyekwenda kupimwa akarudi bila kuambiwa kitu? Akarudi kwenye video zake. Alirudi kwa namna ambayo mama yake alikuwa anarudi kwenye mchele wake, lakini alirudi.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu uliondolee sanduku langu tabia hii ya kupima. Ikishindikana, ulifundishe kusalimia, na litaje walio wazima peke yao. Ikishindikana na hilo, tuungane mimi na wewe tupeleke ombi kwa wakuu wa wilaya zote mbili, Tarime na Serengeti, kwamba kitu chochote ambacho hakijalalamika kisipimwe na mtu yeyote, na yule mzee wa matimba atafutiwe kazi nyingine.

Mpe mzee Saadi shikamoo yangu. Msalimie mama watoto, na majirani wa dukani wote, hata yule wa cherehani anayecheka kabla hujamaliza kusema. Huruma anakusalimu. Batholomeo akishapoa naye atakusalimu. Diski ya kwanza na ya nne hazijambo, ila hilo usiniulize nimelijuaje.

Ni mimi mteja wako, mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,

Werema,
mwenye studio.

Baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nikaenda kwenye sanduku kuitoa diski ya pili, na mkono ukiwa juu yake nikasema ngoja kwanza nimtazame Christina, nisije nikamsumbua bila taarifa. Nikafungua kile kipande.

Wewe hujawahi kukiona. Anachagua mchele, halafu anainua uso na kuniuliza: "Baba Huruma, umeangalia lakini kama hicho kidude kinarekodi?" Mimi nyuma ya kamera najibu kwa maringo: "Kinarekodi, wewe endelea." Naye anasema: "Sijakuuliza kama kinarekodi. Nimekuuliza kama umeangalia." Kisha anacheka. Nimekisikia mara nyingi sana, na siku zote nilikuwa nangojea hicho kicheko tu.

Leo picha imeganda kwenye lile "umeangalia" la mwisho. Kicheko hakikuja. Nikiwa bado nimeduwaa, simu ikalia, mchana kweupe, haikungoja asubuhi: diski ya pili, afya yake inazorota.

Sijaitoa. Mkono wangu niliuondoa kama nimeshika chungu cha moto. Ya tatu ipo palepale kwenye gunia, sijairudisha, sijagusa kitu, nimewatoa watu wote chumbani isipokuwa Huruma. Anajaribu kukinakili kipande cha mama yake kwenye simu. Kinafika kwenye lile neno, kinasimama. Ningekupigia, lakini simu ameishika yeye na siwezi kumnyang'anya. Nimempa Batholomeo barua hii na pikipiki. Ameambiwa asiangalie joto lake, na asirudi bila wewe.

Njoo leo. Njoo na diski zote ulizonazo, na nyingine ya ziada itakayobeba nakala yake ikalale huko kwako Mugumu, kama ng'ombe wa baba walivyolala Machochwe. Kumbe baba alikuwa anapima kila asubuhi pale mlangoni, na mimi niliona fimbo tu. Mzee wa matimba aachwe aendelee na kazi yake. Ukishafika, Huruma na mimi tutakwenda zahanati, maana wakati wewe unatengeneza sitaweza kukaa nakutazama.

Na lile sanduku usilibadilishe tabia. Lipime kila saa ukiweza. Shikamoo liiache, sina haja nayo. Lianze moja kwa moja na mgonjwa.