Sarafu ya Ushindi na Nishani ya Mume Wangu

Taifa linatangaziwa kwamba Kamati Kuu ya Sarafu ya Ushindi imekamilisha kazi yote ya kufikiri. Kilichobaki ni madini ya fedha.

Mimi ndiye mpika chai wa Kamati, kwa hiyo ya ndani nayajua. Sarafu itawaenzi wazee waliopigana vita. Upande mmoja neno USHINDI, upande wa pili sura ya Mwenyekiti, maana wazee ni wengi na sarafu ni ndogo. Fedha ilipokosekana, wajumbe walikuna vichwa, wakamaliza biskuti, wakaazimia: wazee walete nishani zao za vita ziyeyushwe, ipatikane sarafu ya kuwaenzi. Asiyeleta haketi jukwaani siku ya sherehe.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anaisugua nishani yake kwa majivu.

"Mama watoto, hii nilipewa badala ya mguu."

"Najua, baba. Lakini Kamati imeazimia."

"Basi iazimie na mguu urudi."

Siku ilipofika alikuja na mkongojo, nishani kifuani, akapanga foleni mbele ya sonara na jiko lake. Kamera zikawashwa. Mwenyekiti, kwa kuwa ni kiongozi wa mfano, alitangulia kutumbukiza nishani zake, konzi nzima, ingawa vitani alikuwa bwana stoo.

Sonara akakoroga, akachungulia, akakoroga tena.

"Mheshimiwa, hii si fedha. Ni bati la sufuria."

Mwenyekiti akaigeukia kamera, kifua kimemjaa.

"Mashujaa wetu kuvishwa bati? Aliyenunua nishani hizi akamatwe sasa hivi. Simwonei mtu haya."

Inspekta akachomoa pingu. "Nani alinunua?"

Mume wangu akapiga saluti. "Bwana stoo. Si ni wewe, afande? Ulizinunua, ukatugawia kwa mkono wako."

Cheo kikubwa kina mengi ya kusahau. Lakini amri ilikuwa imetoka kwa mkubwa kuliko wote pale, na kamera zilikuwa bado zinamwangalia. Ilitekelezwa kwa heshima zote. Mwenyekiti alitiwa pingu, akafunguliwa mlango wa gari la polisi na dereva wake mwenyewe.

Mume wangu akapanda jukwaani, akakalia kiti cha katikati kilichobaki wazi. Kanuni ilisema mwenye kuleta nishani aketi. Ameileta.

Nikamsogelea. "Baba, kumbe ni bati."

"Nyamaza, mama watoto. Wakikusikia wataunda kamati ya sufuria."