Kamati ya Waliolala Mjini

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba mji wa Tukuyu umekua bila kibali."

Tangazo hilo lilibandikwa asubuhi moja ya mvua, juu ya matangazo mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Aliyeliandika alikuwa Bwana Geresoni, Katibu wa Kamati ya Kudhibiti Ukuaji wa Mji. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na kumi kati yao walionekana siku za chakula tu. Kazi zote alizibeba Geresoni, kifua mbele.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Bei zimeachiwa, mitumba imeingia, viwandani watu wamepunguzwa, na kila aliyepunguzwa alitandika turubai sokoni akauza alichonacho. Hilo lilimkera sana Geresoni, maana hakuna hata mmoja aliyepita ofisini kwake kuomba. Na yeye alikuwa ametoka kwenye semina ya wiki mbili Morogoro, iliyohusu sababu, matatizo na udhibiti wa ukuaji wa miji. Alirudi na mkoba wa semina, kitambi kipya, na hitimisho hili: sababu ya mji kukua ni watu, tatizo la mji ni watu, na udhibiti ni kuwaondoa watu. Ukimuuliza habari za maji au vyoo vya soko alikutazama tu. Vyoo havikuwemo kwenye semina.

Kanuni zake zilikuwa nyepesi. Mtu wa mjini ni yule aliyelala mjini. Aliyelala mjini bila kibali cha Katibu atarudishwa kijijini kwake kwa lori. Wenye nyumba zao mjini walipanga foleni siku tatu wakapata vibali. Kifungu cha kumi na mbili kilikataza mtu kujisainia kibali chake mwenyewe, na Geresoni alikisoma mara mbili kwa sauti kwa sababu kilinukia utawala bora.

Siku ya kuhesabu, karani wake Debora alikaa kwenye lango la soko na fomu. Swali lilisema: "Je, usiku wa kuamkia leo mhojiwa alipata malazi ndani ya mipaka ya mamlaka?" Alilisoma kwa mama wa kwanza, aliyekuwa ametoka kijijini Masukulu tangu alfajiri. Mama akamjibu kwamba ndizi zimekomaa vizuri, achague mkungu.

"Fupisha," alisema Geresoni. "Uliza kwa lugha ya nyumbani. Sema 'Ugonile?' Si ndiyo 'umelala?' hiyo?"

Debora aliweka kalamu chini. "Mzee, hiyo ni salamu. Ndivyo tunavyoamkiana."

"Debora, ofisi haisalimii watu. Ofisi inahoji."

"Lakini wote wataitikia 'ndaga', kwamba wamelala salama."

"Basi wote watakuwa wamekiri."

Wakakiri. Wa Masukulu wakakiri, wa Lupepo wakakiri, na wa kijiji cha Masoko wakakiri huku umande haujawakauka miguuni. Kufika saa sita mchana, watu elfu mbili na mia moja na arobaini walikuwa wamelala bila kibali katika mji wenye gesti mbili. Geresoni alizitazama takwimu zile akalengwalengwa na machozi ya furaha. Aibu haikumjia hata kidogo. Labda nayo ilikuwa inasubiri kibali.

Kuanzia saa tisa alasiri lori likawabeba kwa zamu kuwarudisha vijijini. Wakapanda wakishukuru, kwani walikuwa wamekwisha kuuza na safari ilikuwa ileile ya kurudi nyumbani, ila leo bila kutembea. Kesho yake wakaja wengi zaidi, wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Shukrani zile zilimchoma Katibu. Akaongeza kanuni: atakayeandikwa mara tatu atanyang'anywa nafasi yake sokoni. Watu walipoanza kufumba midomo, akaongeza nyingine: atakayenyamaza atahesabiwa amesema ndiyo.

Hapo mzaha ukaisha. Tupokigwe, mjane wa Masoko, alikuwa na nafasi yake karibu na lango kwa miaka kumi na minne. Nafasi hiyo ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha wanawe. Alikuwa ameandikwa mara mbili.

"Mwanangu," alimwambia Geresoni, "mimi nimelala kwangu Masoko. Waulize hata kuku wangu."

"Mama, ulikiri mbele ya karani."

"Nilisalimiwa, nikaitikia. Ulitaka niwe mtu wa namna gani?"

"Mwenye kibali," alisema Geresoni, akaenda zake kunywa chai.

Siku ya tatu alikuja Mheshimiwa kutoka Dar es Salaam kukagua mafanikio. Geresoni alivaa suti akawapanga wananchi mstari mmoja, Tupokigwe akiwa wa kwanza ili mgeni ashuhudie mtu akipoteza nafasi yake kwa utaratibu. Debora alishika kalamu.

Kabla hajauliza, Tupokigwe alitua kapu, akachuchumaa kidogo kwa adabu, akamtazama Katibu usoni.

"Ugonile, mwanangu Geresoni?"

Sasa, Geresoni alikuwa mtoto wa Lupepo kabla hajawa Katibu. Mama yake hakuwahi kumwacha apite mbele ya mtu mzima bila kuitikia, na kofi la mama yule lilikuwa bado linakumbukwa na shavu.

"Ndaga, mama," alisema.

Debora akaandika.

"Umeandika nini?" Mheshimiwa aliuliza.

"Amekiri kulala mjini, Mheshimiwa."

"Na ni kweli?"

"Huyu ni kweli. Analala nyumba ya ofisi, pale juu. Katika wote niliowaandika bila kibali, huyu ndiye wa kwanza aliyelala mjini kweli."

"Kibali chake?"

"Vibali anasaini yeye, na kifungu cha kumi na mbili kinamkataza kujisainia."

Geresoni alicheka peke yake, kisha akaacha. Mheshimiwa alifungua faili lake. Kule Dar walikuwa wamemtuma na maelekezo mawili: udhibiti wa miji uonekane, na watumishi wapunguzwe. Alikuwa hajui aanzie wapi.

"Safi sana," alisema. "Mji umepungua kwa mtu mmoja. Na Kamati nayo haina tena Katibu, kwa hiyo kanuni yake ya kunyang'anya watu nafasi sokoni imekufa. Karani, funga hesabu ya leo. Vibali utashughulikia wewe."

Saa tisa lori liliondoka na Geresoni na mkoba wake wa semina. Tupokigwe, aliyekuwa amepata lifti, alisogeza kapu tupu.

"Kaa hapa, mwanangu. Pale nyuma panarusha."

Asubuhi ya pili Geresoni aliingia mjini kwa miguu kutoka Lupepo, suruali ina matope hadi magotini, akasimama kwenye dirisha la ofisi kuomba kibali cha kulala Tukuyu. Debora alivuta fomu.

"Ugonile, mzee?"

Geresoni alifungua mdomo, akaufunga. Aliubana kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka.

Debora alisubiri kwa adabu. Kisha akaweka alama kwenye ndiyo.

"Lori ni saa tisa," alisema. "Anayefuata!"